Chuma cha Taulo

Bafu la mama, Kibokoni, lilianza kuvuja
siku tusiyoijua.
Tulijua ukuta wa jirani ulipotoka jasho
na Bi Mwanaate akabisha hodi kwa adabu,
akasifu chai, akauliza watoto,
kisha akasema: ukuta wangu walia kwa upande wenu.

Fundi Ngowa alitoka Mjambere na kijana mmoja,
mwiko uliolika ncha, timazi ya uzi mweusi.
Akauning'iniza uzi. Tukanyamaza sote.
Ukuta ulikuwa umeinama vidole viwili
tangu enzi za babu, na hakuna aliyejua
kwamba tumekuwa tukioga mshazari.

"Wiki mbili," alisema.
Sikuandika. Nawajua mafundi.

Kwanza birika.
Birika la chokaa, refu kama mtoto aliyelala,
na visamaki viwili vya kula viluwiluwi vya mbu.
Mama alivihamisha mwenyewe kwa kata,
kimoja, kimoja, ndani ya ndoo ya rangi,
akaiweka chini ya ngazi,
na hakutaka kuwa karibu nyundo ilipoanza.

Matumbawe hayavunjiki kama tofali.
Yanamomonyoka, yanatoa harufu
ya pwani iliyokauka zamani.
Kijana akaokota kombe zima ndani ya ukuta,
akalitia mfukoni. Hamali akapandisha vigae,
akateremsha kifusi, akapandisha, akateremsha,
na ngazi zetu zile, aliye chini
humngoja aliye juu.

Wiki ya tano mama bado akioga kwa Bi Mwanaate,
akivuka uchochoro na leso ya pili kichwani
kama mgeni wa mtaa wake.

Nikasema: tumuwekee vyuma vya kushikia.
Goti lake la kushoto sote twalijua,
ila halitajwi.
"Vyuma vya sipitali?" Mama akanikazia mato.
"N'na maradhi gani mimi? Nyumbani mwangu, sitaki."
Fundi alikuwa akichanganya saruji. Hakuinua kichwa.

Lakini kabla ya kubandua chokaa ya mwisho
aliniita. Akanionyesha, karibu na mlango,
doa la rangi ya chai,
upana wa kiganja, kimo cha nyonga,
pale chokaa ilipolainika kama sabuni iliyotumika.
Chini kidogo, doa jingine, jipya zaidi.
Miaka yote mama alikuwa akijishika ukutani,
na mwaka hadi mwaka mkono ukishuka.
Ngowa akatoa penseli sikioni,
akapima kutoka sakafuni,
akaandika namba kwenye boriti.
Hatukusema kitu.

Siku ya kujaribu sakafu alimwaga jagi la maji,
akapiga magoti, shavu karibu na kigae.
Maji yakawaza, yakaenda mlangoni.
Nikasema si kitu, tutakausha kwa dekio.
"Maji hufuata mkondo," akasema, "na mkondo ni mimi,"
akang'oa vigae tisa alivyovipanga jana
na hakudai hata shilingi.

Wiki ya saba. Mfereji unakohoa kwanza,
kisha unatoa maji ya chumvi, kama kawaida.
Mama akakagua. Akagonga vigae kwa kifundo cha kidole,
akisikiliza, kama achaguaye nazi.
Akakifikia kile chuma.
"Na hiki?"
"Cha taulo, mama," akasema Ngowa, akikunja magunia.
"Taulo huanikwa chini hivi?"
"Taulo za huku mjini ni ndefu."
Mama akamtazama. Akatazama chuma:
skrubu nne kila upande, nene kama kidole gumba.
Akacheka kwa pua,
akamwongezea mia tano ya nauli.

Taulo iko hapo hadi leo, kavu.
Ile ya kuogea aitundika mlangoni.
Alfajiri nasikia maji, kisha chuma
kikilia kidogo, mara moja.
Visamaki bado vimo ndooni, chini ya ngazi.
Hatujaamua.